Nyigu Wawili, Ukoo Mmoja

Mama Senzota, jirani yetu, anadai kwamba Jumanne ile, saa sita mchana kweupe, Mlinzi wa Daftari, kile chombo kirukacho, alitumbukia kwenye sufuria yake ya makande.

Anavyosimulia yeye, alikuwa jikoni anakoroga. Nyigu mmoja mweusi akatoka kwenye mwaloni wa mbele ya nyumba, ule wa dawa, akazunguka paa taratibu kama mtu anayekwenda kusukwa nywele. Mlinzi akamfuata nyuma, maana kazi yake ni kufuata. Nyigu akatua kwenye mwaloni wa nyuma ya jiko, ule uliojaa vifungo, akachagua jani changa, akaanza kutaga.

Mlinzi akasema, "Hii si nyumba yako."

Nyigu akaendelea na shughuli zake.

"Hii si nyumba yako," Mlinzi akarudia. Hapo taa yake ikawaka kijani, nyekundu, kijani, nyekundu. Akazunguka hewani mara tatu, kisha pwaa! Makandeni.

"Nikamwopoa kwa mwiko," anasema Mama Senzota. "Nikamfuta kwa kanga, nikamwambia pole baba. Naye akaniambia, asante kwa ushirikiano wako. Haki ya Mungu!"

Watu waliomsikiliza bombani walicheka hadi ndoo zikamwagika. Mmoja akasema hata mashine sasa zinajua pa kula. Mimi sikucheka sana. Nilimsubiri atue ndoo yake.

"Mama Senzota, yule nyigu alitaga kwenye jani, au kwenye kijiti?"

"Kwenye jani, mwanangu. Jani bichi kabisa. Kwani vipi?"

"Hakuna," nikasema. Lakini kulikuwa na jambo. Alichokiona kwa bahati mbaya ndicho nilichokuwa nakitazama kwa makusudi tangu vuli ya mwaka jana, na nilikuwa sijamwambia mtu.

*

Huku kwetu Shengena, misitu ya zamani ilikufa miaka ya joto, kabla sijazaliwa. Mahali pake wakapanda mialoni ya ukungu. Ni miti iliyofundishwa maabara: jani lake hunywa ukungu asubuhi na jioni, na maji yanayozidi hudondoka chini, tone kwa tone, yakaingia mifereji, yakajaza ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Pamoja na mialoni wakaja nyigu.

Wapo wa aina mbili. Mweusi hana mabawa ya kujivunia, na wote ni majike. Anaishi ndani ya vinundu vinavyoota kwenye vijiti, vigumu, vya kijivu, mfano wa komwe za bao. Akishatoboa komwe yake na kwenda zake, ganda linalobaki huchemshwa, na mvuke wake hufungua kifua kilichobana. Mwekundu ni mdogo, ana mabawa marefu, madume na majike. Yeye hukulia ndani ya vinundu bapa chini ya majani, kama vifungo vya shati la mtoto. Vifungo hivyo huziba jani, na jani lililozibwa halinywi ukungu.

Sasa Daftari. Kila kiumbe kina jina lake katika Daftari, na kila jina lina hukumu. Hukumu ni mbili tu, Linda au Futa. Walinzi ndio wanaozitekeleza: vyombo vidogo vinavyoruka, ukubwa wa pera, vina jicho moja na taa moja. Hawagombi wala hawatukani. Mweusi ni Linda. Mwekundu ni Futa, na siku ya kumfuta mlima mzima, na milima yote, ilikuwa Ijumaa ya wiki ile.

Mimi kazi yangu katika kituo cha utafiti ni mifuko. Nashona mifuko kwa vyandarua chakavu, navisha matawi ya mwaloni, nafunga mdomo kwa uzi, halafu nakaa natazama. Wenye vyeo wana mashine za kutazama, lakini mashine hutazama dakika tano zikaridhika. Mimi niliishia shule ya msingi, ila kukaa najua.

*

Jumatano asubuhi nilimpeleka Daktari Mfinanga kwenye mwaloni wangu, nyuma ya kituo. Ni mtu mpole, miwani yake imefungwa kwa waya, na akifurahi husahau kuketi.

"Daktari, naomba unisikilize mpaka mwisho ndipo uniulize."

"Nakusikiliza, binti Mshana."

"Vuli iliyopita nilimfungia mweusi mmoja ndani ya mfuko huu, na tawi safi. Akataga kwenye majani. Vikaota vifungo."

"Vifungo?"

"Umeahidi mpaka mwisho. Masika vifungo vikafunguka, wakatoka wekundu. Jicho la kituo, ile mashine ya kutazama, likaandika: Wavamizi. Mfuko umetoboka. Tupa. Nikauinua mfuko juani, nikaukagua uzi kwa uzi. Haukuwa na tundu. Sikutupa. Nikawahamishia wekundu wale kwenye mfuko wa pili, huu hapa, vijiti vitupu. Wakataga. Tazama sasa."

Alitazama. Ndani ya chandarua kulikuwa na komwe kumi na moja, za kijivu, nono.

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakuketi.

"Mweusi amezaa wekundu," alisema polepole. "Na wekundu wamejenga komwe."

"Ndiyo. Mtoto hafanani na mama. Anafanana na bibi."

"Ulijuaje usubiri? Mtu yeyote angeona watoto si wa yule mama, akasema umechanganya."

Nikamweleza. Kwetu mtoto wa kwanza wa kike hupewa jina la bibi mzaa baba. Mimi ni Nakijwa kwa sababu bibi alikuwa Nakijwa, na mama yangu mpaka leo huniita mkwe. Jina linaruka kizazi. Basi nilipoona nyigu hafanani na mamaye, nikasema nisimhukumu, nimsubiri mjukuu.

Daktari alicheka kwa sauti hadi ndege wakaruka. "Makabati yetu yamejaa nyigu waliokufa," alisema, "kila mmoja kachomwa pini kwenye kisanduku chake. Tumewaandikia jenasi mbili. Koo mbili! Na hakuna aliyewahi kumwacha mmoja aishi mpaka apate wajukuu!" Akanishika mikono miwili, tukazungukazunguka pale kama watoto wanaocheza mdako wakasahau mawe.

Kisha akaacha kuzunguka. Niliona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo.

"Tukiwaunganisha," akasema, "unajua sheria ya majina?"

"Sijui."

"Majina mawili yakithibitika ni ya ukoo mmoja, jina kongwe ndilo linabaki. Na hukumu yake inabaki nalo. Mwekundu aliandikwa miaka ishirini kabla ya mweusi."

Nikahesabu polepole. "Kwa hiyo nikisema kweli, mweusi naye anakuwa Futa."

"Siku hiyo hiyo."

"Na nikinyamaza, Ijumaa wanafutwa wekundu. Weusi watataga, watoto wao watakuwa wekundu, nao watafutwa. Mwaka kesho hakuna komwe."

"Ndivyo."

Daktari akavunja kijiti, akakichezea. "Iko njia ya tatu. Naweza kuandika kwamba wekundu wa Shengena si wale wekundu wengine. Kwamba ni jenasi mpya kabisa. Jina jipya halina hukumu, linalindwa miaka saba. Ningeliita Nakijwa."

Sitasema uongo, moyo uliruka. Jina la bibi yangu, aliyekuwa akitia dole gumba kwenye karatasi, liandikwe Daftarini kwa ajili ya dunia nzima!

"Ni kweli kwamba ni wapya?"

"Si kweli."

"Na wekundu wa mlima ule?" Ukungu ulikuwa umeinuka, na ng'ambo ya bonde Usambara ilionekana yote, ya buluu.

"Wale watafutwa Ijumaa, na wengine wote. Sina la kuwafanyia." Akashusha sauti. "Ipo nafasi ndogo moja. Aliyemtazama kiumbe kwa macho yake anaruhusiwa ombi moja mbele ya Mlinzi. Sijawahi kuona likikubaliwa. Wala sijawahi kuona likiombwa na mtu wa hapa. Amua wewe, binti. Macho ni yako."

*

Mama yangu ana pumu. Anaimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisani, na kila Jumapili kabla ya kutoka hujifunika shuka juu ya sufuria ya maganda ya komwe. Akitoka humo uso umelowa, anajaribu sauti, na kuku wote wanasimama wima. Bila komwe, hata kupanda ngazi ya kanisa hawezi. Najua, kwa sababu nimewahi kumbeba.

Nilimweleza yote huku tunachambua maharage.

"Sasa mkwe wangu," alisema mwishoni, "hiyo miaka saba ya Daktari. Mwaka wa nane nitaimba nini?"

"Mama, miaka saba si haba. Ukweli unaweza kukumaliza mwezi ujao."

"Nimesikia." Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa nje. "Unamkumbuka yule dada wa Mlalo, kule Usambara, tuliyeimba naye Pasaka? Mnene, mcheshi, aliyekula ndizi zetu zote?"

"Namkumbuka."

"Kifua chake na changu ni pacha. Huko Mlalo nako wana mwaloni, wana sufuria, wana shuka. Nitamwimbia nini yule tukikutana?" Akanisukuma begani. "Usinitazame hivyo, bado sijafa. Nenda kaongee na Kangalu. Ndiva ni yake, na mkaidi wetu ni huyo huyo."

*

Alhamisi pembe ya msaragambo ililia alfajiri. Msaragambo ni kazi ya wote. Pembe ikilia, kila nyumba hutoa mtu, mwenye jembe na jembe, mwenye panga na panga, na asiyetoka huimbwa. Siku ile tulipaswa kuzibua mifereji. Kabla hatujaanza, Daktari alinisukuma mbele, nikasimama kwenye ukingo wa ndiva nikasema yote, na sheria ya majina, na jina la bibi nililoahidiwa.

Mzee Kangalu, msimamizi wa ndiva, alisikiliza ameegemea jembe. Huyu ni mtu aliyewahi kumpeleka jirani barazani kwa sababu kivuli cha mgomba kimevuka mpaka. Kesi ilikwenda miaka minne, mgomba ukafa wa kwanza.

"Nimekuelewa," alisema. "Vifungo vinaziba jani. Jani likizibwa, halinywi. Lisiponywa, ndiva haijai. Wewe unataka wekundu wabaki. Basi mahindi yangu yanywe nini, nyimbo za mama yako?"

Watu wakacheka. Hata mama alicheka.

"Kangalu wewe," Mama Senzota akaruka, "mwezi wa sita nani alikuja kwangu kuomba ganda la komwe, anahema kama mvukuto wa mhunzi?"

"Yalikuwa mafua."

"Mafua ya miezi mitatu! Mafua yenye watoto na wajukuu!"

"Nilikuomba ganda, sikukuomba unitangaze!"

Kelele zikawa kelele. Kangalu akainua mkono. Alikuwa amekunja uso, lakini nilimwona: macho yake yameanza kung'aa kama anavyong'aa akiona hati ya mashitaka.

"Nyamazeni. Binti, unakwenda mbele ya Mlinzi kudai nini?"

"Nadai wasifutwe."

"Hilo si dai, hicho ni kilio. Mshitaki akilia tu, baraza linampa leso. Unampa nini mwenye hoja ya maji?"

Kangalu akasogea mtini. Akachuma jani la mwaloni, akaligeuza, akaparura kwa ukucha wa dole gumba. Vifungo vikadondoka kama maganda ya karanga. Jani likabaki kijani, zima.

Kila mtu akalitazama lile jani.

"Kumbe vinabanduka," akasema Mama Senzota.

"Kwa ukucha," akasema Kangalu, na sasa hakuweza kuficha furaha. "Ukucha! Mimi nimeililia serikali ilete Walinzi, na kumbe tuna kucha!"

Basi tukaliunda dai pale pale. Mialoni inayozunguka ndiva na mifereji tutaisafisha kwa mikono, kila majani yanapochipua, kwa msaragambo. Mialoni ya mteremkoni juu ya kanisa tutawaachia nyigu. Maji yatapungua kidogo, Kangalu alikiri mbele ya wote, na akasema shamba lake la juu atapanda mihogo, isiyodai maji mengi. Mwingine akauliza nani atahakikisha watu hawatachoka mwaka wa pili. Kangalu akajibu kwamba atakayechoka atamshitaki. Hilo lilimridhisha kila mtu.

Hatukuzibua mfereji hata mmoja siku ile. Wanawake walipanda ngazi, wazee walikaa chini na matawi yaliyoinamishwa, watu wakaparura na kuimba, na vifungo vikaanguka nyasini kama mvua ya chenga. Vifungo tulivyobandua tulivichukua kwa ungo, tukavipandisha kwenye mialoni ya juu ya kanisa ili waliomo watokee huko. Mama alianzisha wimbo, sauti ikapanda mpaka tukamsahau ana kifua. Saa kumi na moja ukungu ulipoingia, mialoni ya ndiva ilianza kunywa. Tulisimama kimya kusikiliza. Tone, tone, tone, kisha matone hayakuhesabika tena, na Kangalu akavua kofia akakinga maji nayo, akajimwagia kichwani mwenyewe.

*

Ijumaa Mlinzi alikuja saa mbili, akishuka katikati ya ukungu.

"Habari za asubuhi. Leo ni siku ya kufuta. Tafadhali funikeni vyakula."

Kijiji kizima kilikuwa nyuma ya kituo. Nilikuwa nimekaa chini ya mwaloni wangu tangu kulipopambazuka, mfuko mbele ya macho. Komwe kumi na moja, zote kimya.

"Mlinzi, shikamoo," nikasema, kwa kuwa sikujua mtu anaanzaje.

"Salamu imepokelewa. Taja jina."

"Nakijwa Mshana."

"Taja elimu."

"Shule ya msingi."

"Taja hoja."

"Mweusi na mwekundu ni ukoo mmoja. Mweusi ni bibi, mwekundu ni mama, na mjukuu ni mweusi."

"Hoja ilishaandikwa na kituo. Uamuzi: mfuko umetoboka."

"Tundu liko wapi?"

Mlinzi akanigeuzia jicho. "Rudia."

"Nionyeshe tundu."

Akaja karibu. Akauzunguka mfuko wa kwanza, kisha wa pili, jicho lake likipita uzi kwa uzi, mshono kwa mshono. Alichukua muda.

"Hakuna tundu," alisema Mlinzi.

Vigelegele! Mama Senzota alipiga kimoja kirefu hadi Daktari akaziba masikio. Na katika kelele zile ndipo nilipoona: kwenye komwe ya tatu, nukta. Nikainua mkono, watu wakanyamaza. Nukta ikawa tundu, tundu likatoa kichwa. Kilikuwa cheusi. Akatoa mguu mmoja, akapumzika. Akatoa wa pili. Akasimama juu ya nyumba yake, akajifuta uso kwa miguu ya mbele kama mtu aliyeamka vizuri.

Nilikuwa nimemsubiri mwaka mzima. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, kwani nilihofia kupepesa.

"Huyu ni nani?" nikamwuliza Mlinzi.

"Mweusi."

"Na mama yake?"

Taa ikachezacheza. "Mwekundu."

"Na bibi yake?"

"Mweusi." Kisha akasema, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, "Koo mbili zimeunganishwa kuwa moja. Aliyethibitisha: Nakijwa Mshana. Jina kongwe linabaki. Hukumu ya jina kongwe inabaki." Na taa ikageuka nyekundu, ikamwangukia yule mweusi mdogo juu ya komwe yake.

Nilisikia mama akivuta pumzi. Daktari alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nina ombi," nikasema. "Mimi ndiye niliyewatazama."

"Ombi ni moja. Litaje."

Sikuharakisha. "Tunaomba ukoo huu usifutwe, si hapa tu, milima yote. Ni kweli wanaziba majani. Ni kweli tutapata maji machache. Lakini mialoni ya ndiva tumeisafisha jana kwa kucha, kaitazame, na tutaisafisha kila ichipuapo. Tupewe kuwapunguza kwa mikono badala ya kuwafuta. Na watu wa milima mingine waulizwe kwanza kama nao wana kucha. Ni hilo."

"Ombi limepokelewa."

Mlinzi hajawahi kukawia. Niliwahi kumwona akiamua habari ya kunguru kabla kunguru hajamaliza kulia. Tukangoja kijani, tukangoja nyekundu. Taa ikazimika, ikawaka tena nyeupe, rangi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Kangalu akamnong'oneza Daktari, "Hiyo ni nini?" Daktari akatikisa kichwa kwamba hajui.

Mlinzi akashuka, chini, chini zaidi, mpaka akatua kwenye tawi. Mngurumo wake ukakatika. Yule mweusi akamsogelea, akamgusa kwa pembe zake mbili, akamzunguka.

"Mlinzi," nikasema taratibu, "unatukubalia?"

Jicho lilikuwa wazi, linamtazama nyigu; badala ya kuhukumu, alikuwa amekaa kutazama. Nikakunja miguu, nikakaa vizuri kwenye majani, nitazame naye.